Misindano ya miaka 3 Lushoto inakauka kuanzia chini: ni kutu au ni kitu kingine?

Ekari_Tano (Tanga)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wanaojua misitu.

Shamba ni ekari 5 za misindano upande wa Shume, Lushoto. Miti ina miaka 3, nafasi ni mita 3 kwa 3, urefu wake kati ya mita 2.5 na 4. Tangu masika yalipokatika hali ni hii:

Matawi ya chini ndiyo yaliyoanza. Sindano zinapauka, zinakuwa njano, halafu kahawia, zinapukutika. Juu bado kijani. Siyo miti yote. Kwenye mstari mmoja unakuta mti umebaki kama mzoga, jirani yake wa mita 3 hauna hata doa. Bondeni kwenye ukungu mwingi hali ni mbaya kuliko mgongoni kwenye upepo. Ukiishika sindano karibu na macho unaona vialama vyekundu vimeizunguka kama pete.

Aliyeuza miche anasema ni kutu. Nimepata mwongozo wa Ulaya unaohusu kutu kwenye mashamba machanga ya Abies, ile miti yao ya Krismasi. Unaelekeza kuondoa magugu ya aina fulani yenye maua ya zambarau kuzunguka shamba, na kangaga pia. Magugu ya maua ya zambarau yapo, na kangaga ndiyo usiseme. Vibarua wa kufyeka mkanda wa mita 30 kuzunguka shamba lote nimeshaongea nao, na muuza pembejeo ananishawishi ninunue dawa ya kutu ya kahawa.

Kabla sijatoa hela: Je, hii ni kutu kweli? Kufyeka kutasaidia? Au ning'oe yote nianze upya?

---

Msitu_wa_Juu

Vibarua wasubiri, na huyo wa pembejeo asubiri zaidi.

Kwa ulivyoeleza, sioni kutu hapo. Naona ugonjwa wa pete nyekundu, unaoletwa na kuvu iitwayo Dothistroma septosporum. Tofauti siyo ya jina tu. Kutu unaidhibiti kwa njia moja, pete nyekundu kwa njia nyingine kabisa, na ukichanganya utafyeka mita 30 bure.

Anza na kutu unayoijua. Kila anayelima maharage Lushoto amewahi kupitisha kidole chini ya jani kikatoka na unga wa rangi ya matofali. Kwenye kahawa unga ni wa chungwa. Huo unga ndio mbegu za kuvu, na ndio alama ya kwanza ya kutu popote ilipo, iwe kwenye maharage au kwenye msitu wa Ulaya. Alama ya pili haionekani kwa macho: kutu hula tishu iliyo hai tu. Jani likifa, nayo inakosa chakula. Pete nyekundu ni kinyume chake. Inatoa sumu, inaua kipande cha sindano, halafu inazaa palepale kwenye kipande kilichokufa.

Mwongozo uliousoma hauna kosa. Umeandikwa kwa mti mwingine na maradhi mengine. Kutu ya Abies inayosumbua mashamba machanga ya miti ya Krismasi huwa ni Pucciniastrum epilobii. Inaishi kwenye mimea miwili kwa zamu. Inalala baridi yote kwenye majani makavu ya Epilobium, gugu refu la maua ya zambarau linaloota kwa fujo mahali palipofyekwa au kuungua. Joto likianza kurudi, inarusha mbegu nyepesi zinazoingia kwenye sindano changa za Abies, zile za mwaka huohuo tu. Za mwaka jana haziguswi. Kiangazi kikifika, chini ya sindano hutokeza vijimirija vyeupe kwa mistari miwili, vikipasuka vinatoa unga wa chungwa. Na hapa ndipo ilipo siri ya ule mwongozo: unga huo hauwezi kuambukiza Abies nyingine. Lazima urudi kwenye gugu. Ukiondoa gugu umekata mnyororo. Ndiyo maana wenzetu wanafyeka, na wanafanya sawa.

Kangaga wako humo kwa sababu Abies ina kutu nyingine, jamii ya Uredinopsis na Milesina, ambazo zamu yao ya pili ni kwenye kangaga. Hizo unga wake ni mweupe. Kuna na Melampsorella caryophyllacearum, inayoshirikiana na magugu madogo ya Stellaria na Cerastium. Hiyo haiishii kwenye sindano. Inaingia kwenye tawi, inaishi humo miaka, na tawi linafumka vitawi vingi vilivyosongamana kama ufagio wa chelewa, vya njano. Ikifika kwenye shina inaacha uvimbe na donda, na mbao ya hapo haifai. Dawa yake ni kukata hiyo fagio mapema kabla haijafika shinani.

Sasa, Abies asilia katika Afrika ziko Algeria na Moroko tu. Lushoto una misindano, yaani Pinus. Kangaga wa Usambara hana kesi na misindano yako, mwache ashikilie udongo wa bondeni.

Ili tusibishane kwa maneno, chukua sindano 20 zenye pete, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, na kitambaa cheupe. Halafu jibu haya:

1. Ukisugua sindano kwenye kitambaa, kuna unga wowote wa chungwa, njano au mweupe?
2. Ndani ya pete nyekundu kuna vidoa vyeusi vilivyopasua ngozi ya sindano, kama mtu amechoma kwa ncha ya pini?
3. Sindano iliyougua imekufa nzima, au ncha imekufa na upande wa kitako bado kijani?
4. Miti iliyougua na isiyougua, sindano zake zinafanana? Pima urefu kwa rula, na hesabu ziko ngapi kwenye kila kifungu.
5. Kuna pamba nyeupe kwenye vichipukizi, au utomvu unavuja chini ya shina?

Swali la 4 ndilo ninalolisubiri zaidi.

---

Duka_la_Shamba

Mkuu Msitu_wa_Juu, naheshimu maelezo, lakini unamzungusha mwenzako. Dawa za mrututu, yaani za shaba, zinapiga kuvu wengi. Apige mrututu bomba mbili tatu, awe na amani. Mambo ya lenzi ni ya maabara.

---

Msitu_wa_Juu

Ndugu, kwenye mrututu uko sahihi nusu. Dothistroma kweli inadhibitiwa kwa dawa za shaba, na New Zealand wanaipiga kwa ndege kwenye misindano ya aina ya radiata tangu miaka ya 1960. Lakini anachouziwa ni dawa ya kutu ya kahawa, na baadhi ya hizo siyo mrututu, ni zile zinazoingia ndani ya jani. Hajui anachotibu, na anayemuuzia hajauliza ni mti gani.

Halafu kuna hesabu. Mita 3 kwa 3 ni miti 1,111 kwa hekta, kama 450 kwa ekari. Ekari 5 ni miti 2,250. Mti wa mita 3 unahitaji si chini ya nusu lita ili sindano zilowe pande zote. Hiyo ni lita 1,125, yaani mabomba 70 ya lita 16, na maji yote yapandishwe mlimani kwa kichwa. Na hiyo ni raundi moja. "Bomba mbili tatu" zitamaliza miti mia moja hivi.

Lenzi anainunua mara moja.

---

Ekari_Tano

Nimerudi na majibu, asanteni kwa subira.

1. Kitambaa kimebaki cheupe. Kimeshika vumbi la kawaida tu.
2. Vidoa vyeusi vipo. Ni vidogo sana, vimekaa katikati ya ile pete, na ukipitisha kucha unasikia vimeinuka.
3. Ncha imekufa, kitako kijani. Zilizokufa nzima ni zile za matawi ya chini kabisa.
4. Hapa nimeshangaa. Miti mizima sindano zake ndefu, sentimita 18 hadi 22, laini, zinaning'inia kama nywele. Iliyougua sindano ni fupi, sentimita 10 hadi 13, zimesimama, kijani chake kimeiva zaidi. Zote ni tatutatu kwenye kifungu. Nilidhani hizo fupi zimedumaa kwa ugonjwa, lakini hata kwenye matawi ya juu yasiyougua ni fupi vilevile.
5. Hakuna pamba, hakuna utomvu.

Iliyougua nimehesabu kwenye mistari sita: 31 kati ya 120.

---

Msitu_wa_Juu

Una miti ya aina mbili shambani, ndugu yangu. Yenye sindano ndefu zinazoning'inia ni Pinus patula. Hizo fupi zilizosimama, kwa maelezo yako, ni Pinus radiata. Radiata ikiwa changa ndiyo chakula kipenzi cha Dothistroma. Patula inaweza kuguswa, hasa ikizungukwa na mbegu nyingi za ugonjwa, lakini inastahimili vizuri.

Hili si jambo geni Afrika Mashariki. Radiata ilipandwa sana kwa sababu inakua haraka. Ugonjwa wa pete nyekundu ulipoonekana Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha ukashika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, upandaji wa radiata ukaachwa, patula ikachukua nafasi yake milimani. Miti mizee ya radiata iliyobaki hapa na pale inaonekana mizima kwa sababu radiata ikifika umri wa miaka 15 hivi inapata ukinzani. Mwokota mbegu anaona mti mnene, umenyooka, koni zimejaa, anajaza gunia. Miche inatoka mizuri kitaluni. Majibu yanakuja shambani mwaka wa pili au wa tatu.

Koni zinawatofautisha hata kama hujui sindano. Ya patula ni nyembamba, imechongoka, imepinda kidogo, inakaa kwa vikundi imelalia tawi. Ya radiata ni kubwa, imevimba upande mmoja, na magamba ya upande ule uliovimba yana vinundu vya mviringo.

Kwa nini bondeni ni pabaya zaidi? Mbegu za Dothistroma haziruki kama unga wa kutu. Zinatoka kwenye vile vidoa vyeusi zikiwa kwenye ute, na tone la mvua au ukungu mzito ndilo linalozirusha. Zikitua zinahitaji sindano ibaki imelowa saa nyingi mfululizo, na hali ya hewa ya nyuzi 15 hadi 20 zinaipenda sana. Shume asubuhi, bondeni, nyasi ziko kiunoni: umeshaiandalia kila kitu. Mgongoni upepo unakausha sindano mapema, ugonjwa unakosa muda. Na ndiyo sababu unaanzia matawi ya chini, ndiko kunakochelewa kukauka. Kutoka kuambukizwa hadi pete kuonekana zinapita wiki kadhaa hadi miezi, kwa hiyo unachokiona sasa kiliingia wakati wa masika.

Cha kufanya, kwa mpangilio ninaoona mimi:

Kwanza palizi, lakini siyo ile ya mkanda wa mita 30. Vibarua haohao waingie ndani ya shamba, wapalilie duara la mita 1 kuzunguka kila mti hadi udongo uonekane, na kati ya mistari wafyeke nyasi zibaki chini ya goti. Lengo ni upepo upite chini ya matawi. Waanzie mgongoni washuke bondeni, siyo kinyume, na wasiingie kabla umande haujakauka. Mtu anayepita kwenye miti iliyolowa anabeba ugonjwa kwenye nguo na panga.

Pili, kagua mti kwa mti. Gawa taji kwa macho kuanzia tawi la kijani la chini hadi kileleni, ukadirie sehemu ngapi kati ya kumi zimeungua au zimepukutika. Usihesabu sindano za ndani kabisa karibu na shina, hizo mti unaziacha wenyewe zikizeeka. Tumia rangi au kamba: isiyo na alama ni patula nzima, alama moja ni radiata iliyopoteza chini ya robo ya taji, alama mbili ni iliyopoteza robo hadi nusu, alama tatu ni zaidi ya nusu. Mti unaopoteza chini ya robo hupungukiwa kidogo tu, ukivuka hapo unene unapungua karibu sawasawa na taji lililopotea, na ukivuka nusu ni mzigo shambani.

Tatu, kata zote za alama tatu. Kata chini ya duara la kwanza la matawi ya kijani, karibu kabisa na udongo. Misindano hii haichipui kisiki kama mkaratusi, ila ukiacha hata tawi moja la kijani chini ya mkato litainuka kuwa mti, na utakuwa umepanda upya ugonjwa kwa mkono wako. Za alama mbili ningekata pia bondeni, mgongoni ningeziacha mwaka mmoja zionyeshe mwelekeo. Ukihesabu kwa ulichotoa, 31 kwa 120 ni kama robo ya shamba, tuseme miti 580 kati ya 2,250. Hata ikiondoka yote unabaki na miti kama 330 kwa ekari, na hiyo bado ni idadi nzuri kwa patula, tatizo ni mpangilio tu, maana mapengo hayakai sawasawa.

Kung'oa shamba zima itakuwa ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

---

Ekari_Tano

Asante sana mkuu, sasa naelewa. Mapengo nijazie? Na matawi niliyokata niyachome?

---

Kitalu_Soni

Nimjibu hapo nikimsaidia mkuu Msitu_wa_Juu.

Kujazia kwa miche mipya kwenye miti ya miaka 3 mara nyingi ni hasara. Mche wa sentimita 25 ukiuweka katikati ya miti ya mita 4, utanyimwa mwanga, utarefuka mwembamba, na siku ya kupunguza miti ndio utakaokatwa kwanza. Pengo la mti mmoja au miwili liache, jirani watalitumia kunenepa. Jazia pale tu palipotoka miti minne au zaidi kwa pamoja, na panda mita 3 mbali na mti uliosimama, usisogeze karibu. Mashimo ya sentimita 30 kwa 30, mche wenye shina gumu, mizizi isiyojikunja chini ya kiriba. Ukiona mzizi umezunguka kiriba kama springi, kata sentimita 1 ya chini kwa wembe kabla ya kupanda, la sivyo mti utaanguka na upepo ukifika mwaka wa tano.

Panda mvua zikishalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini, siyo mvua ya kwanza.

Uliza mbegu zimetoka wapi. Chanzo cha uhakika ni wakala wa misitu, TFS, anayetoa mbegu za miti zenye kumbukumbu ya mti mama. Mbegu za kuokota chini ya mti usiojua jina lake ndizo zilizokuleta hapa. Na kabla hujalipia miche, pitisha macho kitaluni: wakati huo patula imeshaanza kulegeza sindano zake, radiata zimesimama. Mche wenye pete nyekundu au ncha za kahawia hauupeleki shambani hata ukipewa bure.

Kuhusu matawi: usichome ndani ya shamba. Shamba la misindano lenye nyasi kavu na moto wa matawi ni ugomvi na kijiji kizima. Yakate vipande, yalaze chini yagusane na udongo. Sindano iliyoko chini inaoza na ugonjwa unakufa haraka kuliko ile iliyonasa juu ya tawi la mti mwingine. Kwa hiyo kibarua asitupe tawi likaning'inia kwa jirani, hilo ndilo kosa la kila siku. Fimbo zilizonyooka ni nguzo za maharage, ila zing'olewe sindano zote palepale kabla hazijatoka, na zisipelekwe karibu na shamba lingine la misindano.

---

Duka_la_Shamba

Sawa, nimekubali kwenye aina ya dawa. Lakini nataka kujua kwa faida ya wateja: mrututu usipigwe kabisa?

---

Msitu_wa_Juu

Unaweza kupigwa, na kuna mahali unalipa. Ukiwa na kitalu, au radiata ya thamani chini ya mita 3 ambayo hutaki kuikata, hapo piga. Shaba haiponyi sindano iliyokwisha kuambukizwa. Inakaa juu ya sindano na kuua mbegu zinapotua. Kwa hiyo inapigwa kabla, siyo baada: mara moja vichipukizi vipya vikiwa vimerefuka mwanzoni mwa masika, na mara ya pili kabla ya mvua za vuli kama ugonjwa bado unapanda. Kupiga sasa, masika yamekatika na sindano zimeshaungua, ni kupaka rangi maiti.

Kwa dawa ya shaba ya unga, yaani kopa oksikloridi ya asilimia 50, kipimo cha kawaida cha bomba la mgongoni ni gramu 50 hadi 60 kwa lita 16, ila kinachotawala ni maelezo ya kibandiko. Koroga kwanza kwenye ndoo na maji kidogo mpaka iwe uji usio na mabonge, halafu ndipo umimine bombani. Usipofanya hivyo inaziba pua ya bomba kila baada ya miti kumi. Tikisa bomba unapotembea kwa sababu unga unazama. Ongeza kinata, maana sindano ina nta na matone yanateleza. Barakoa, miwani, glavu. Masalia yasioshewe mtoni, shaba inaua samaki. Na angalia kama ina usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Kwa mwenzetu wa ekari 5 bado nasema palizi na kukata. Tatizo lake ni mti usiofaa mahali pale, na huwezi kunyunyizia mti usiofaa miaka 12 ukisubiri upate ukinzani.

Na upogoaji usisahaulike. Kwa radiata za alama moja zinazobaki, na patula zote, toa matawi yaliyokufa na yale ya chini hadi mita 1 tu kwa miti hii ya mita 3 hadi 4. Bakiza taji la kijani si chini ya nusu ya urefu wa mti, ukizidisha unaudumaza. Msumeno wa kupogolea, siyo panga. Panga linachana ganda la shina na utomvu unajaa kwenye kidonda, baadaye linakuwa fundo bovu ndani ya ubao. Kata karibu na shina bila kuacha kigingi na bila kuingia kwenye ule uvimbe wa kitako cha tawi. Kiangazi ndio wakati wake.

---

Mitiki_Muheza

Samahani kudandia uzi. Huku chini Muheza ni mitiki, siyo misindano. Kuna mitiki ya mwaka mmoja, chini ya majani kuna unga wa njano kabisa, juu ya jani madoa ya kijivu kahawia, na majani yanaanguka kabla ya wakati. Na huu ni pete nyekundu?

---

Kitalu_Soni

Hapana, wewe ndiye unayeelekea kuwa na kutu ya kweli. Unga wa njano au chungwa chini ya jani la mtiki ndio sura ya Olivea tectonae, kutu ya mitiki iliyotokea Asia. Lakini usiitangaze kwa jina kabla haijathibitishwa. Chukua majani 10, nusu mabichi yenye unga, nusu yaliyoanza kukauka. Yatandaze katikati ya magazeti makavu, tia kwenye bahasha ya karatasi, usitie kwenye mfuko wa nailoni maana yataota ukungu mwingine njiani. Andika kwa penseli mahali, umri wa miti, tarehe, na ni miti mingapi kati ya mingapi. Peleka TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Lushoto, au ofisi ya TPHPA iliyo karibu. Ekari_Tano naye afanye vivyo hivyo na sindano zake, lenzi inatosha kuanza kazi lakini haitoshi kwa rekodi.

Usichanganye na vitu viwili. Unga mweupe juu ya jani unaofutika kama unga wa ngano ni ubwiri. Jani lililobaki mishipa mitupu kama wavu ni viwavi.

Kutu ya mtiki inasafiri kwa upepo, haina haja ya kupitia gugu fulani, kwa hiyo hata kwako kufyeka magugu hakukati mnyororo wowote. Kwa miti iliyokwisha kuwa mirefu, ikija mwishoni mwa mvua haina madhara makubwa, mtiki ulikuwa uangushe majani kiangazi hata hivyo. Inayoumia ni miche na miti ya mwaka wa kwanza na wa pili, inayopoteza majani ilipotakiwa kukua. Kitaluni tenganisha viriba ili majani yasigusane, mwagilia asubuhi na kwenye udongo badala ya jioni juu ya majani, ondoa majani yenye unga ukiwa umeyafunika na mfuko kabla ya kuyachuma, kwani ukiyatikisa umeusambaza. Shambani palizi iwe ya kudumu miaka miwili ya mwanzo. Mtiki hauvumilii nyasi hata bila ugonjwa.

---

Ekari_Tano

Vibarua wanaanza Jumatatu, saa nne asubuhi umande ukikauka, mgongoni kwenda bondeni. Swali la mwisho: baada ya kukata, nijue vipi kama imesaidia?

---

Msitu_wa_Juu

Chagua mistari sita ileile uliyohesabu, miti 120. Iandikie namba. Rudi mara mbili kwa mwaka, wiki chache baada ya masika na wiki chache baada ya vuli, ukadirie taji kwa kumi kama mwanzo, mtu yuleyule akadirie kila safari kwa sababu macho ya watu hayafanani. Angalia hasa sindano za mwaka huu kwenye matawi ya katikati. Zikibaki safi wakati za zamani za chini zinaendelea kudondoka, ugonjwa umesimama, zile ni za maambukizi ya nyuma. Pete zikitokea kwenye sindano mpya za patula kwenye zaidi ya mti mmoja kati ya kumi, rudi hapa na picha za karibu, moja ikiwa na rula pembeni, tuzungumzie bonde lako peke yake.